Kitanda cha Tisa Kiko Kijani

Ilikuwepo, na kwa habari tulizonazo bado ipo, nchi moja ambayo jina lake haliandikwi bila kibali cha ofisi tatu. Ukienda kukiomba hicho kibali utaambiwa ofisi ya pili imefungwa, watumishi wote wako kwenye semina ya kuwajali wateja. Basi tutasema nchi hiyo tu, na anayeitambua ajifanye hajaitambua, maana hata wenyeji wake ndivyo wanavyoishi humo.

Katika nchi hiyo palikuwa na Hospitali Kuu ya Kanda, na ndani ya hospitali Wodi Namba Nne, na ndani ya wodi alikuwemo Sista Stumai Mkwizu, muuguzi wa hapo kwa miaka ishirini na miwili. Mama mnene, mpole wa sura, mkali wa ulimi akichokozwa. Alikuwa na tabia moja ambayo baadaye ilikuja kugundulika kuwa inarudisha nyuma maendeleo ya taifa: alikuwa anawaangalia wagonjwa. Kila asubuhi alisimama mlangoni akasikiliza wodi nzima inavyohema, kisha akaenda moja kwa moja kwa yule anayehema vibaya. Hakuwa na cheti cha kazi hiyo.

Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na wagonjwa thelathini na wanane, wamelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Glavu zilikwisha tangu mwezi wa Ramadhani. Kipimajoto kilikuwa kimoja kwa wodi tatu, kikisafiri kwenye mfuko wa Sista Stumai. Oksijeni ndiyo ilikuwepo, mitungi kumi na minne kwenye stoo yenye mlango wa chuma, na ufunguo wa stoo hiyo Sista aliuvaa shingoni kwa uzi. Akiona mtu anahitaji hewa, anafungua, anachukua mtungi, anampa. Ushamba mtupu, kama mnavyoona.

*

Sasa, Waziri wa Afya Inayoonekana akasafiri. Zamani wizara yake iliitwa ya Afya tu, mpaka siku moja mwananchi mmoja akauliza hiyo afya yenyewe iko wapi, ndipo jina likarekebishwa. Huko ng'ambo Waziri alimwona mwenyeji wake akitazama kitu mkononi na kutangaza kwamba tangu asubuhi ametembea hatua elfu sita. Waziri hakulala kwa furaha. Siku aliyorudi aliitisha waandishi uwanja wa ndege palepale, kabla hata mabegi yake hayajatoka.

"Ndugu wananchi," alisema, "enzi ya mgonjwa kujisemea mwenyewe imefika mwisho. Binadamu hutia chumvi. Akiumwa kichwa anasema nakufa. Akiumwa kidole anasema mguu wote. Kuanzia sasa kila mgonjwa atavalishwa bangili yenye akili, na bangili ndiyo itakayosema kwa niaba yake. Bangili haina chumvi, haina shangazi wizarani, haipigi kelele wodini."

Watu wakapiga makofi. Kwenye nchi hiyo makofi hupigwa kwanza, maana asiyepiga hutafutwa jioni.

Haukupita mwezi, mjini kukasimamishwa skrini kubwa ya kufunika ghorofa nzima, ikaitwa Ukuta wa Taifa. Kila kitanda cha hospitali nchini kilikuwa nukta moja juu yake. Kijani ni mzima, njano ni wasiwasi, nyekundu ni hatari. Waziri akahamishia kiti chake mbele ya huo Ukuta, akawa analitibu taifa kwa kulitazama.

*

Vifaa vya Wodi Namba Nne viliwasili vikiwa na Mtaalamu Fikirini, kijana mtanashati kutoka wizarani ambaye alikuwa haingii mlangoni bila kuutafuta mtandao kwanza. Alikuja na bangili ishirini, pipa lenye akili, fagio lenye akili, na ndoo yenye akili. Vyote viliunganishwa. Ndoo ikijaa, habari ilikwenda mjini, na mjini wakapiga simu hospitali kumwambia mhudumu kwamba ndoo imejaa, mhudumu akiwa ameishika mkononi.

"Na glavu?" akauliza Sista Stumai.

"Glavu haiunganishwi na kitu chochote, Sista," akajibu Fikirini kwa upole, maana alikuwa amefundishwa kuzungumza na wazee.

"Inaunganishwa na mkono, mwanangu."

Fikirini aliandika hilo kwenye daftari chini ya kichwa cha habari Changamoto za Kimtazamo.

Tatizo la kwanza lilikuwa la hesabu ndogo tu. Mfumo ulikubali jina moja kwa kila kitanda, na hapa kuna vitanda vyenye wawili. Fikirini akafungua orodha ya vitu vinavyoweza kuwa kitandani. Mfumo ulitambua mgonjwa, godoro, shuka na mto. Akafikiri, akakuna kichwa, kisha wagonjwa kumi na wanane wakaandikishwa kuwa ni mito. Mto, kwa mujibu wa mfumo, hauna homa wala haudai dawa, na takwimu za wodi zikapendeza siku hiyohiyo.

Kisha ikafika zamu ya stoo ya oksijeni. Ufunguo wa Sista ulivuliwa shingoni kwa hafla fupi yenye soda na biskuti, na mlangoni pakafungwa kufuli yenye akili. Maelezo yake yalikuwa rahisi. Bangili ya mgonjwa ikigeuka nyekundu, mlango unafunguka wenyewe na mtungi mmoja unateremka kwenye reli. Bangili ikiwa kijani, mlango haufunguki hata aje nani.

"Na nikiona mimi kwa macho yangu kwamba mtu anakata roho?"

"Macho hayamo kwenye mfumo, Sista."

"Sasa nani ataamua?"

"Hakuna," alisema Fikirini, na hapa uso wake ulinawiri hasa. "Hilo tatizo la mtu kuamua ndilo tuliloliondoa."

*

Mkuu wa hospitali hiyo, Mganga Mfawidhi kama wanavyomwita, alikuwa Dakta Gervas Ngoloka. Miaka sita alikuwa hajamgusa mgonjwa, isipokuwa mara moja kwa bahati mbaya kwenye ngazi. Kila alfajiri alikimbia mizunguko mitano kuzunguka hospitali, na moyo wake, alikuwa akiwaambia watu hata wasiomuuliza, ulipiga sitini na nane kwa dakika, wala haupandi wala haushuki. Alikuwa na hamu moja tu duniani: kuteuliwa Mganga Mkuu wa Taifa. Kiti hicho kilikuwa wazi tangu mwenyewe alipokwenda kutibiwa nje ya nchi akakuta huko wanatibu kweli, akabaki.

Dakta Ngoloka aliupokea mfumo kwa mikono miwili. Akabandika tangazo kila ukuta, kwa herufi kubwa na sahihi yake chini: MGONJWA HAULIZWI ANAVYOJISIKIA. TAZAMA BANGILI.

Wiki ile ile akalazwa Mama Kuruthumu. Huyu ndiye aliyeuza vitumbua kwenye geti la hospitali kwa miaka kumi na mitano, na hakuna muuguzi pale ambaye hajawahi kufungua kinywa asubuhi kwa kitumbua chake. Moshi wa kuni ulikuwa umemchakaza mapafu, na safari hii homa ikayashukia. Alipewa kitanda cha tisa, pamoja na binti mmoja mwenye malaria aliyekuwa mto.

"Bora wewe mto," Mama Kuruthumu akamwambia yule binti kati ya kukohoa na kukohoa. "Mimi mgonjwa, kazi ninayo."

Lazima tuseme haki: mwanzoni bangili zilifanya kazi. Mama Kuruthumu akizidiwa, bangili iligeuka nyekundu, mlango ukafunguka, mtungi ukaja. Mzee wa kitanda cha pili hivyohivyo. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Waziri huko mjini aliukodolea macho Ukuta, akaona Wodi Namba Nne imejaa wekundu na unjano, akampigia simu Dakta.

"Ngoloka, hao watu wako wana nini na mimi?"

"Wanaumwa, Mheshimiwa."

"Wanaumwa wote? Hospitali nzima? Ijumaa naja hapo kuzindua mfumo, naja na wageni wa nje watatu na runinga. Nataka kijani."

*

Ilikuwa Jumatatu. Dakta Ngoloka aliitisha kikao, akauliza kama upo uwezekano wa kuwaponya watu ishirini kufikia Ijumaa. Sista Stumai akasema upo, wakipatikana antibiotiki, dripu, na chakula chenye mboga. Dakta akasema tusiende huko kwenye mambo ya kinadharia.

Ndipo likapatikana wazo, na wazo lenyewe lilikuwa la kienyeji kabisa. Hospitali hiyo ilikuwa na kabati la mashuka ya wageni. Mashuka meupe pe, yenye ua la buluu pembeni, yaliyotolewa siku kiongozi akija tu. Kiongozi akishapanda gari yanakunjwa, yanafungiwa. Yalikuwa yameona mawaziri wanne na hayajawahi kuona mgonjwa. Dakta akalifikiria kabati lile, akatabasamu.

"Kama kuna mashuka ya wageni," alisema, "kwa nini pasiwe na wagonjwa wa wageni?"

Bangili zilifungwa kwa msimbo, na msimbo ulitoka wizarani kwa saini ya Mganga Mfawidhi. Dakta akasaini. Ijumaa alfajiri Fikirini akazivua kwa wagonjwa akawavalisha wazima: wapishi wawili, walinzi wanne, dereva, na bendi nzima ya matarumbeta iliyokuja kutumbuiza, watu kumi na wawili. Mpiga tarumbeta mkuu alikuwa anageuka njano kila akipuliza, akaamriwa siku hiyo ashike tarumbeta asilipulize. Mpishi mmoja alijaribu kukimbia uwanjani waone kama bangili itawaumbua. Sauti tulivu ya mwanamke ikamtoka mkononi ikisema, "Hongera kwa mazoezi," na nukta yake ikabaki kijani. Mfumo ulikuwa na akili bwana, ulijua mtu anayekimbia na mtu anayekufa.

Ikabaki bangili moja, ya kitanda cha tisa. Dakta Ngoloka akakunja mkono wa shati.

"Nipeni mimi. Moyo wangu mnaujua."

"Dakta," akasema Sista Stumai, "Mama Kuruthumu jana amefunguliwa oksijeni mara tatu. Ukiivaa wewe, yeye leo atafunguliwa na nani?"

"Siku moja, Sista. Siku moja tu wagonjwa hawawezi kuvumilia kuwa wazima?"

*

Ijumaa saa mbili asubuhi wagonjwa halisi wote thelathini na wanane walihamishiwa nyuma, kwenye banda la dobi, wakalazwa sakafuni kati ya mapipa ya sabuni. Wodini yakatandikwa mashuka ya wageni, vitanda vitupu vikang'aa. Uwanjani likasimamishwa turubai, na chini yake skrini kubwa yenye nukta ishirini za kijani, kila moja na namba ya mapigo ya moyo pembeni. Wagonjwa wa wageni walipangwa viti vya mbele wakiwa na bangili zao, na mshereheshaji akawatambulisha kama watumishi. Dakta Ngoloka alikaa karibu na Waziri, hatua mbili tu, suti mpya, mkono wa bangili umefichwa kwenye mfuko.

Waziri akaanza kuhutubia. Alianzia kwenye historia ya binadamu.

Kule kwenye banda la dobi Sista Stumai alikuwa amepiga magoti. Mama Kuruthumu alikuwa anavuta hewa kwa mabega, mbavu zinaingia ndani kila akivuta, na kucha zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya maji ya wino. Alitaka kusema kitu, maneno yakawa yanakatika.

"Sista... we mwanamke... usinizungushe. Nakwenda?"

"Huendi popote. Tulia, usiongee."

Sista akainuka, akakimbia. Mwili wake haukuwa wa kukimbia lakini siku hiyo ulikimbia. Akafika stoo, akauvuta mlango wa chuma, akaupiga kofi, akaupiga teke. Sauti tulivu ya mwanamke ikatoka kwenye kufuli:

"Mgonjwa wa kitanda cha tisa ana afya njema. Hongereni kwa huduma bora."

"Mwanaharamu wewe," Sista akaiambia kufuli, kwa sauti ya kawaida tu.

Akamkuta Fikirini nyuma ya turubai, anazilinda nyaya. Akamwambia mama anakufa. Kijana wa watu alisikitika kweli, hilo hatumnyimi. Akabonyezabonyeza kompyuta yake, jasho linamtoka, kisha akainua macho.

"Sista, hapa panaonyesha hafi."

"Fungua ule mlango."

"Mimi sina kitufe cha kufungua. Hakuna mwenye kitufe. Ni lazima kitanda cha tisa kigeuke nyekundu chenyewe, kikiwa kimetulia. Labda umwone Dakta."

Basi Sista Stumai akajifuta jasho, akanyoosha gauni, akachukua sinia la maji ya kunywa ili apate sababu, akapita katikati ya wageni mpaka kwenye kiti cha Dakta Ngoloka. Akainama kama anamwekea glasi.

"Dakta, Mama Kuruthumu anakata roho," akamnong'oneza. "Zimebaki dakika. Simama useme ile bangili siyo yako. Tafadhali, baba, nakuomba."

Dakta hakugeuka. Tabasamu lake lilikuwa kwa ajili ya kamera.

"Waziri akimaliza," akasema bila kusogeza midomo. "Mwambie apunguze kuhema."

Sista akainua macho kwenye skrini. Hakujua kwa nini aliinua, labda hakutaka kumtazama mtu yule usoni. Kitanda cha tisa. Kijani. Sitini na nane. Alimwambia mtu, tena daktari aliyeapa, kwamba mwanamke aliyemlisha vitumbua miaka kumi na mitano anakufa mita hamsini kutoka hapo, na moyo wa mtu huyo haukuongeza hata pigo moja. Namba ilikuwa pale, kubwa ya kuonekana na halaiki yote, na hakuna aliyejua anachosoma isipokuwa yeye.

Hasira ikampanda mpaka macho yakamwasha. Alitaka kummwagia yale maji. Kisha, jamani, akili ikamjia, wala haikutoka mjini. Akaiweka glasi mezani taratibu, akainama mara ya pili.

"Lingine, Dakta. Yule msaidizi wa Waziri ameshika barua ya uteuzi wa Mganga Mkuu. Nimeiona wakati namwekea maji."

Sitini na nane. Sabini na tano.

"Enhe?"

"Jina si lako."

Themanini na tisa.

"La nani?"

"La yule wa Kanda ya Pili. Yule mliyesoma naye, aliyekuwa anakunakili kwenye mtihani."

Ulikuwa uongo mtupu. Hakukuwa na barua. Msaidizi wa Waziri alikuwa ameshika kipeperushi cha ratiba. Lakini Dakta Ngoloka alikauka kitini, hata kope haikucheza, na ndani ya ule utulivu wake namba ikaanza kupanda: mia na nne, mia na kumi na tisa, mia na thelathini na tatu. Nukta ya tisa ikaingia njano, ikapita njano, ikawa nyekundu ya damu. King'ora kikalia uwanja mzima.

Sista Stumai alikuwa ameshaondoka. Sinia alilitupa majanini.

*

Mlango wa stoo ulikuwa wazi, mtungi umeteremka kwenye reli kama walivyoahidi. Akaukumbatia, akauviringisha, akaufikisha kwenye banda la dobi viganja vikiwa vimechubuka. Akamvika Mama Kuruthumu barakoa, akafungua koki, akakaa chini akamshika mkono. Hakuwa na bangili ya kutazama, akatazama kucha.

Kutoka uwanjani vipaza sauti vilileta kila neno.

"Mnaona!" ilikuwa sauti ya Waziri. "Mnaona wenyewe! Mfumo umemnasa mgonjwa mahututi ambaye jicho la binadamu lisingemwona. Yuko wapi? Nataka nimshike mkono mbele ya wageni."

Kisha sauti ya Fikirini, nyembamba, kwenye kipaza sauti ambacho nadhani alisahau kukizima:

"Mheshimiwa, mfumo unaonyesha yuko hatua mbili kutoka hapo ulipo."

Zikasikika nyayo, viti kuanguka, na sauti ya Dakta Ngoloka ikisema yeye ni mzima, jamani, mzima kabisa, muulizeni mwenyewe anavyojisikia. Waziri akacheka kwa huruma. Akasema hapa nyuma yangu kuna tangazo zuri sana ukutani, naomba mtumishi mmoja alisome kwa sauti. Mtumishi akalisoma mpaka kwenye sahihi. Walinzi wanne wenye afya njema wakambeba Dakta juu kwa juu mpaka Wodi Namba Nne, wakamlaza kitanda cha tisa, juu ya shuka la wageni, na kadiri alivyozidi kukasirika ndivyo king'ora kilivyozidi kulia.

Wageni wa nje walifuta machozi. Mmoja alisema kwao hajawahi kuona kitu kama hicho, na alikuwa anasema kweli.

Kule bandani kucha za Mama Kuruthumu zilikuwa zinarudi rangi, kidogo kidogo. Akafungua macho, akaisukuma barakoa pembeni.

"Nani anapiga kelele huko?"

"Dakta. Amelazwa kitanda chako."

Mama Kuruthumu akafikiri kidogo.

"Mwambieni asikojoe," akasema, akairudisha barakoa mwenyewe.

Sista Stumai akacheka, kisha akalia, kisha akainuka kwenda kumwangalia mzee wa kitanda cha pili.

*

Yaliyofuata yote yalifuata utaratibu. Siku tatu baadaye Ukuta wa Taifa uliwaruhusu wagonjwa kumi na tisa wa Wodi Namba Nne kwa kupona kabisa, bangili zao zikajizima zenyewe, na bendi ya matarumbeta ikapewa cheti cha kushinda maradhi. Wagonjwa halisi walirudi vitandani. Kwa kuwa nafasi za wagonjwa zilishafungwa, wote waliandikwa mito, na wizara ikatangaza kwamba Wodi Namba Nne sasa ina mgonjwa mmoja tu na mito mingi kuliko wodi yoyote barani.

Mgonjwa mmoja huyo ni Dakta Ngoloka. Anashikiliwa kwa uangalizi, kwa sababu ya ule wekundu wa Ijumaa. Bangili yake haivuliki bila msimbo, msimbo hautoki bila saini ya Mganga Mfawidhi, na Mganga Mfawidhi ni mgonjwa, na mgonjwa, kwa mujibu wa waraka mwingine alioutunga mwenyewe zamani, haruhusiwi kusaini chochote. Kila wiki anaandika barua ya malalamiko. Barua inapokelewa, inagongwa muhuri, inawekwa kwenye faili lake la matibabu kama dalili.

Mama Kuruthumu alitoka kwa miguu yake. Siku ya kuondoka alipita kitanda cha tisa, akamwambia pole mwenzangu, na tangu hapo kila asubuhi anamtumia vitumbua viwili vikiwa bado vya moto. Dakta anavila. Hajawahi kuuliza vinatoka kwa nani.

Kufuli ya stoo nayo ipo palepale, haisikii la mtu isipokuwa bangili ya tisa. Kwa hiyo Wodi Namba Nne imezoea utaratibu wake, ambao haumo kwenye mwongozo wowote.

Juzi Jumanne Sista Stumai alisimama mlangoni kama kawaida yake, akasikiliza wodi inavyohema, akamsikia dereva mstaafu wa treni wa kitanda cha kumi na nne. Alikwenda akamtazama kucha. Kisha akavuta kiti akaketi kando ya Dakta Ngoloka, akaitazama skrini ndogo iliyo juu ya kichwa chake.

Huwa anaanza na ukweli. Kila siku huanza na ukweli, kumpa nafasi.

"Dakta, yule baba wa kitanda cha kumi na nne anashindwa kuvuta hewa. Ana wajukuu sita anawalea. Asipopata mtungi hafiki adhuhuri."

Akangoja. Kijani. Sitini na nane.

"Haya," akasema Sista. Akasogeza kiti karibu zaidi, akashusha sauti. "Yule mwenzako wa Kanda ya Pili anaapishwa leo. Wameniambia amekutaja kwenye hotuba."

"Najua unanidanganya, Sista Stumai," akasema Dakta, macho kwenye dari.

"Najua unajua."

Sista akaendelea kutazama skrini.

"Amenitaja akisemaje?" akauliza Dakta.

Na huko nyuma mlango wa stoo ukafunguka.